Laki nane na nusu kwa wadudu wa udongo: wafinyanzi wa njia ya Igombe

Nianze na bei, maana kila anayeingia mapokezi ya gesti yangu hapa Bwiru, Mwanza, akainua macho, hilo ndilo swali lake la kwanza. Shilingi laki nane na nusu. Nusu nililipa siku ya kuagiza, nusu iliyobaki walipomaliza kufunga, halafu elfu arobaini ya usafiri ikaongezeka juu bila kuwemo kwenye makubaliano. Hiyo nitaisema nikifika huko. Kwa hela hiyo nimepata vipande 612 vya udongo wa kuchoma, vyekundu, vyeusi na vya rangi ya majivu, vinavyoning'inia kutoka darini hadi usawa wa kiuno cha mtu mzima. Kikubwa kabisa kinajaa kiganja, kidogo kabisa kinalingana na ukucha wa kidole gumba. Si vyungu, si sahani, si twiga.

Karakana iko njia ya Igombe, ukishaupita uwanja wa ndege, upande wa ziwani. Hawana bango. Bodaboda wa pale ukimwambia akupeleke kwa wale wa vyungu visivyopika, hakuulizi mara ya pili. Wenye kazi ni wawili: binti mmoja aliyesomea sanaa Bagamoyo, na shangazi yake, mama wa Kisukuma wa upande wa Magu ambaye amekuwa akifinyanga vyungu na mitungi tangu hajaolewa. Binti ndiye anayechora na kupanga, shangazi ndiye anayejua udongo. Ukienda ukazungumza na mmoja tu, umepata nusu ya huduma.

Mimi niliwaendea nikitaka sangara. Kabla ya gesti nilifanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha minofu, na kichwani nilishamwona yule samaki ukutani, mdomo wazi, mkubwa wa kutisha watoto. Binti hakunikatalia. Aliniuliza tu, "Mama, usiku ukikaa barazani pale Bwiru, unaona nini ziwani?"

"Naona taa za wavuvi wa dagaa."

"Na zaidi ya taa?"

"Zaidi ya taa, siku za giza, naona wale wadudu wanaokuja kunijazia korido."

"Basi tufanye hao."

Nilicheka kwa sauti. "Wewe binti, mimi nina mtu namlipa kila mwezi awafagie, leo nikulipe wewe uwatundike?"

Shangazi alikuwa amekaa kwenye mkeka akikwangua mtungi kwa kipande cha kibuyu. Hakuinua hata kichwa. "Hao si wanatoka kwenye tope, mama? Na sisi tunafinyanga tope. Sangara mwachie fundi wa rangi."

Kwa asiyeishi kando ya Ziwa Victoria, nieleze. Kuna wadudu wadogo kama mbu, hawaumi, ambao mwezi mpya ukikaribia hutoka majini kwa mkupuo mmoja, mamilioni kwa mamilioni. Ukiwa mbali unaona nguzo nyeusi imesimama juu ya maji, ndefu, inapinda na kunyooka, ukadhani boti inaungua. Ikifika nchi kavu funga mdomo, zima taa. Baadhi yao kabla ya kuota mabawa huishi ziwani wakiwa karibu hawana rangi, unawaona hadi matumbo. Mchana hujichimbia kwenye tope la chini, usiku hupanda juu kula. Wakishatoka na kuruka, maisha yao ni siku chache tu. Wenzetu wa Ziwa Nyasa wanawaita kungu, wanawakamata kwa makapu na kuwafanya kitoweo. Mimi nawajua kama rundo la kijivu chini ya kila taa asubuhi, linalonuka samaki likilowana.

Sasa mtu akikwambia atakufanyia hao kwa udongo, unategemea mabawa na miguu. Mchoro alioleta binti haukuwa na bawa hata moja. Ulikuwa na vijipande tu, vimejikunja, vimesongamana chini na kuachana kadiri vinavyopanda. Nikamwambia hao si wadudu, hayo ni maganda ya karanga. Akasema sawa mama, njoo ukae nasi tufinyange, ukiona haifai tunarudi kwenye sangara na hela yako haipotei. Hapo ndipo nilipoanza kuwaheshimu, kwa sababu mafundi wengi wa mji huu ukishatoa kianzio hata simu hawapokei.

Kukaa nao kumo ndani ya bei. Mwenye oda ana haki ya kuja kufinya vipande vyake mwenyewe, na ningesema hili ndilo la maana kuliko yote wanayouza. Wanakupa donge la udongo, unamega kipande, kidogo kama punje ya kunde au kikubwa zaidi, unakiweka kati ya gumba na kidole cha shahada, unabana mara moja na kusokota kidogo, basi, unaacha. Kugusa mara ya pili ni marufuku. Ukibana mara moja udongo unapasuka pembeni kwa namna yake, ukingo unakuwa mwembamba hadi mwanga unakaribia kupita, na mistari ya kidole chako inabaki imechorwa mgongoni. Ukirudia kurekebisha, kinakuwa tonge. Shangazi anabana bila kutazama, anaongea habari za mpunga wa nyumbani kwake huku vipande vinadondoka kwenye ungo, na kila kimoja kana kwamba kinataka kuruka. Vya kwangu nilivitambua walipokuja kuvitundika: ni vile vizito vya chini.

Kila kipande, upande wa tumboni, shangazi anakibonyeza kwa ncha ya kidole, anaacha kishimo kidogo. Nilidhani ni pa kupitishia kamba. Binti akaniambia hapana, ni salamu kwa wazee. Ng'ambo huko Kagera, na upande wa Kenya mahali panapoitwa Urewe, wachimbaji wa mambo ya kale wamefukua vyungu vya wafua chuma wa kwanza wa pwani ya ziwa hili, vingine vya zamani zaidi ya miaka 2,000, na vingi vina kishimo cha aina hiyo chini ya kitako. Ilipoandikwa ripoti yake mwaka 1948, wataalamu walivitambulisha kwa hicho kishimo. Nilimuuliza shangazi naye kakitoa wapi. Akasema yeye anabonyeza ili udongo usivimbe hewa katikati ukapasuka motoni. Chagua jibu unalolipenda.

Udongo wenyewe wanauchimba bondeni, si mbali na karakana, na hapa nilijifunza kitu ambacho nimekaa Mwanza maisha yangu yote sikukijua. Haya mawe tunayoyaona kila siku, ya Bismarck, ya Capri Point, yale yaliyobebana juu ya nyumba za watu mlimani, ni graniti, na ndani ya graniti kuna madini yanayoitwa felispa. Mvua na maji vikiyala kwa miaka isiyohesabika, felispa inaoza inakuwa udongo laini, unachukuliwa na maji hadi mabondeni. Kwa hiyo jiwe na chungu ni mzazi na mwanawe. Ndiyo maana udongo wa hapa una chenga nyingi, mabaki ya jiwe lisilooza. Wanauloweka, wanauchuja kwa wavu wa dagaa uliochakaa, lakini chenga nyingine wanaziacha makusudi, na juu yake wanaongeza vigae vya vyungu vilivyovunjika, vimetwangwa. Bila hivyo chombo hakihimili moto wa ghafla.

Jambo jingine walilonifurahisha: sakafu ya karakana haifagiwi kavu. Inamwagiwa maji na kupigwa deki. Vumbi la udongo mkavu likiingia mapafuni linakaa humo humo. Binti alinionyesha kwenye simu kazi ya yule Mchina, Ai Weiwei, ambaye mwaka 2010 alijaza ukumbi wa Tate Modern, London, kwa mbegu za alizeti milioni 100, zote za kaure, zimepakwa rangi kwa mkono na mafundi wa mji wa Jingdezhen. Watu waliruhusiwa kuzikanyaga siku za mwanzo tu, kisha wakazuiwa kwa sababu ya vumbi hilo hilo. Akanionyesha na ile ya mwaka 2014, handaki la ngome ya Tower of London limejazwa maua mekundu ya udongo 888,246, moja kwa kila askari wa Uingereza na makoloni yake aliyekufa Vita Kuu ya Kwanza. Nikamwambia hao wana mfalme, mimi nina vyumba tisa. Lakini nilielewa anachotaka kusema. Kimoja si kitu. Vikiwa vingi, na vyote vimepita mkononi mwa mtu, unasimama na kunyamaza kabla hujajua unatazama nini.

Picha iliyomshika shangazi haikuwa ya London. Ilikuwa ya chungu kimoja cha Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, akaenda kujifunza kwa wafinyanzi wanawake wa Kigwari kule Nigeria, na leo vyombo vyake vimo katika makumbusho makubwa ya Ulaya na Marekani. Chungu kina tumbo jekundu linalogeuka jeusi begani, kinang'aa bila tone la rangi. Shangazi aliitazama simu muda mrefu, akasema, "Huyu anachoma mara mbili." Na ndivyo ilivyo. Moto wa kwanza wenye hewa ya kutosha unatoa wekundu, wa pili ulionyimwa hewa unatoa weusi.

Na wao wanafanya kwa mtindo huo, ila kwa pumba za mpunga badala ya tanuri la gesi. Vipande vinapangwa ndani ya tanuri la matofali, moto unaanza mdogo sana asubuhi kwa sababu maji yaliyobaki ndani ya udongo yakichemka kabla hayajatoka, kipande kinalipuka. Jioni unashika kasi. Vile vinavyotakiwa kuwa vyeusi vinatolewa vikiwa vyekundu kwa joto, vinatumbukizwa kwenye shimo la pumba na kufunikwa na udongo na mabati, vinanyonya moshi. Vya rangi ya majivu vimetokea vyenyewe, pale moshi ulipopata upenyo. Ndiyo hivyo kazi yangu ilivyopata mpangilio wake: weusi mzito chini, majivu katikati, wekundu juu kabisa karibu na taa. Hakuna glezi, yaani ule mpako wa kung'aa kama kioo unaochomewa juu ya chombo, hakuna varnishi.

Sasa malalamiko, na ninayo.

La kwanza ni muda. Waliniahidi kabla ya Pasaka, wakaja kufunga baada ya Sabasaba. Masika udongo haukauki, hilo mfinyanzi yeyote anajua, kwa nini basi uahidi Pasaka? Tanuri la kwanza walilichoma vipande vikiwa na unyevu, sehemu kubwa ikalipuka, wakaanza upya. Gharama hawakunibebesha, nawashukuru, lakini taarifa niliipata kwa kuifuata mwenyewe. Mteja apigiwe simu jamani.

La pili, usafiri. Vipande vililetwa kwa bajaji ndani ya ndoo za plastiki zilizojazwa pumba, na kwa kweli havikuvunjika hata vitano, ila ile elfu arobaini ilitajwa mlangoni, ndoo zikiwa zimeshateremshwa. Andikeni kwenye karatasi toka mwanzo.

La tatu ni kufunga, na hapa wamezidiwa kabisa. Mzigo wote una kilo tisa na kidogo, niliupima kwa mizani yangu ya samaki. Kijana wao alikuja na skrubu fupi, akataka kuuning'iniza kwenye dari la jipsamu. Nilimteremsha kwenye ngazi. Ilibidi nimwite seremala wangu afunge ubao wa plaiwudi juu, ushikwe na mbao za kenchi, ndipo ndoano zikaingia kwenye ubao. Elfu sitini yangu mfukoni. Watu wa udongo si watu wa dari, wala hilo si dhambi, ila waseme mapema ili mwenye nyumba ajipange.

La nne, nailoni. Wametumia mshipi wa kuvulia, ule wa Mwaloni Kirumba, hauonekani, unapendeza. Nimekaa na wavuvi vya kutosha kujua kwamba mshipi ukipigwa na jua unakauka na kukatika, na mapokezi yangu yana dirisha kubwa la magharibi. Tayari viwili vimeanguka, kimoja kwenye chai ya mgeni. Nimewaambia nataka waya mwembamba usiopata kutu. Wanasema waya utaonekana. Mazungumzo yanaendelea.

Kuna na sauti. Feni ikiwashwa vipande vinagongana, na mlio wake ndio ulionifundisha kupima kazi yao. Kilichoiva vizuri kinalia kwa wembamba, tin. Kisichoiva kinajibu kwa ubutu na siku moja kitameng'enyeka. Katika vyangu nilivyogonga kwa ukucha, vilivyojibu vibaya vilikuwa vichache sana na walivibadilisha bila ubishi. Mchana mlio ni mzuri. Usiku mgeni wa chumba namba moja alilalamika, nami sikumlaumu. Binti alikuja akapanua nafasi kati ya mistari, sasa hivi vinaguswa na upepo bila kugongana, labda mlango ukiachwa wazi.

Usafi nao mkajipange. Buibui wa mwambao huu wanawapenda sana wale wadudu wa kweli, na wadudu wa kweli wanapenda taa yangu, kwa hiyo siku za giza nakuta wa hai wamenasa kwenye wa udongo, utando umeunganisha wote. Msichana wangu anapitisha brashi laini ya rangi, kavu, toka juu kwenda chini. Maji hapana, udongo usio na glezi unanyonya na kuacha alama.

Wageni je? Wavuvi wanajua mara moja. Mzee mmoja wa Ukerewe aliweka begi chini, akatazama, akasema "wametoka hao", akaomba ufunguo. Wafanyabiashara wa mjini wanadhani ni moshi. Mtoto mmoja alimwambia mama yake ni mvua inayorudi juu, na tangu siku hiyo na mimi nikipita haraka naiona hivyo hivyo. Sangara wangu asingebishaniwa na mtu. Angeonekana mara moja, halafu angekuwa fanicha.

Huduma zao nyingine nizipitie upesi. Jumamosi wana darasa la elfu thelathini na tano kwa kichwa, udongo na kuchoma vimo, chakula hakimo, beba chako. Watoto wanakaribishwa ila wasiozidi watano, na shangazi hapendi kelele. Mitungi ya maji ya shangazi ni mizuri kupita maelezo na bei ni ya kawaida, maji yanapoa humo kama yametoka kisimani. Vikombe vya glezi siwashauri kunywea bado. Ni majaribio ya binti, glezi ananunua imeshachanganywa, na nilipomuuliza kama haina madini ya risasi, yale yenye sumu, hakuwa na jibu. Weka kalamu humo.

Ukitaka kwenda, nenda asubuhi, na uulize kwanza kama wanachoma siku hiyo. Tanuri likiwaka hakuna atakayekusikiliza, wala usijisikie vibaya. Ukimkuta shangazi msalimie kwanza, "mwangaluka" yako ya Kisukuma hata kama imepinda, ndipo uulize bei. Daladala zinakushusha barabarani, kilichobaki ni mwendo wa miguu kwenye mchanga, viatu vya kisigino acheni nyumbani. Makubaliano yaandikwe yote: idadi ya vipande, tarehe, usafiri, nani anafunga na anafunga kwenye nini. Na anayetaka twiga, simba au jua linazama, kuna vibanda vya kutosha mjini, msiwasumbue hawa.

Mimi nawapa nyota nne. Wameniletea mchoro wa kazi ya korido, mawe ya udongo yaliyopangwa ukutani kama yale ya Capri Point, laki sita. Nimeuweka mchoro kwenye droo ya risiti. Waya kwanza.